Seva ya Pili ya Barua Pepe: Kuingojea Barua na Kuitunza Barua

Mtu aliyeko Mwanza aandikapo barua pepe kwenda Mwadui, na saa hiyo hiyo radi imekwisha kuuzima mtambo upokeao barua huko Mwadui, barua ile huenda wapi? Swali hili likiulizwa darasani, wanafunzi wengi hujibu kwamba barua hupotea, na wachache husema kwamba humrudia mwandishi papo hapo. Majibu yote mawili si sahihi. Barua hungoja. Hungoja ndani ya diski ya kompyuta fulani, kwa muda uliowekwa na kanuni zinazojulikana, na muda huo ukiisha ndipo mwandishi hupewa taarifa kwamba imeshindikana kufika.

Katika makala haya tutaeleza barua hiyo hungojea wapi, na jinsi ofisi inavyoweza kujiwekea mahali pake yenyewe pa kungojea kwa kutumia seva ya pili. Seva ni kompyuta iliyowekwa kuwahudumia wengine, nayo ya barua pepe hufanya kazi ileile ya karani wa posta. Tutaeleza pia jambo ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulichanganya, nalo ni kwamba kuingojea barua isipotee njiani na kuitunza barua kwa miaka mingi ni kazi mbili tofauti. Mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya kazi ya kwanza hauifanyi ya pili, na wakati mwingine huiharibu.

Kwa nini Mwadui

Tumeichagua Mwadui kuwa mfano kwa sababu ni mahali panapolionyesha tatizo waziwazi. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliopo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa na mwanajiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson, baada ya kugundua mwamba wenye almasi mwaka 1940. Mwamba huo una uso wa hekta 146 hivi, na kwa ukubwa ni miongoni mwa ya kwanza duniani katika ile iliyopata kuchimbwa. Kuuzunguka mgodi ulikua mji mdogo wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na kiwanja chake cha ndege, mbali na Dar es Salaam kwa karibu kilomita 1,000 za barabara. Mahali pa namna hiyo huishi kwa barua. Maombi ya vipuri, vipimo vya maji, mikataba ya usafirishaji, taarifa za afya za wafanyakazi na mahesabu ya mishahara hutoka na kuingia kila siku.

Tena ni mahali ambapo barua zaweza kuhitajika muda mrefu baada ya kuandikwa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, na tope likafunika makazi na mashamba ya watu waliokuwa jirani. Baada ya tukio la aina hiyo, popote duniani, maswali ya kwanza ya wachunguzi hufanana: kipimo gani kilichukuliwa, lini, nani aliarifiwa, naye alijibu nini. Zamani majibu yalitafutwa katika majalada ya masijala. Siku hizi sehemu kubwa ya majibu hayo imo katika barua pepe, kama barua pepe hizo bado zipo. Hali kadhalika mgodi unaweza kufa na majukumu yake yakabaki. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma mwaka 2021, lakini kazi ya kurekebisha ardhi na kufuatilia maji haikukoma siku ile mitambo iliponyamaza.

Yafaa ieleweke kwamba ofisi tutakayoizungumzia hapa chini ni ya kubuni. Hatuelezi mitambo ya mgodi wowote uliopo. Tutaipa jina la ofisi.example; neno hilo la mwisho lilitengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya mifano, ili waandishi wa makala wasije wakatumia anwani ya mtu pasipo kujua.

Safari ya barua moja

Barua pepe kati ya kompyuta mbili tofauti ilianza mwaka 1971, pale Ray Tomlinson wa Marekani alipochagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Kanuni za usafirishaji zinazotumika hadi leo, ziitwazo SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Zimerekebishwa mara kadhaa, lakini mazungumzo yenyewe yamebaki yale yale, nayo ni mepesi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuyasoma kwa macho.

Seva ya mtumaji huigongea hodi seva ya mpokeaji. Ya pili hujibu kwa nambari 220, maana yake niko tayari. Ya kwanza hujitambulisha, kisha hutaja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Kila hatua ikikubaliwa hujibiwa 250. Ndipo barua yenyewe humiminwa, na ikimalizika seva ya mpokeaji hujibu tena 250. Jibu hili la mwisho lina uzito wa sahihi katika daftari la kupelekea barua. Kuanzia hapo mpokeaji amekubali dhamana, na mtumaji ana ruhusa ya kuifuta nakala yake ya foleni.

Mambo yakienda vibaya, nambari hubadilika. Jibu linaloanza na 5 ni kukataa moja kwa moja, kwa mfano 550 pale ambapo hakuna mtu wa jina hilo. Jibu linaloanza na 4 ni la kusema: si sasa, jaribu baadaye. Na kama seva ya mpokeaji haijibu kabisa, kwa kuwa umeme umekatika au waya umekatwa, mtumaji huichukulia hali hiyo kama jibu la 4. Huiweka barua katika foleni yake na kujaribu tena na tena. Kanuni zinashauri majaribio yasipishane kwa muda ulio chini ya dakika 30, na mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Mbinu hii ya kupokea, kuweka, kisha kupeleka mbele nafasi ipatikanapo si ngeni kwa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kudumu haijafika kwetu, madaktari wa Muhimbili walikuwa miongoni mwa watumiaji wa mtandao wa HealthNet. Mtandao huo ulitumia satelaiti ndogo iliyorushwa Januari 1990. Satelaiti ile iliizunguka dunia kwa muda wa dakika 100 hivi, ikapita juu ya kituo kimoja mara chache tu kwa siku. Ilipopita ilichukua barua zilizokuwa zikingoja, ikazibeba ndani ya kumbukumbu yake, na kuzishusha ilipofika juu ya kituo kingine. Aliyetumia huduma ile hakuhitaji kufundishwa maana ya foleni.

Nambari ndogo hutangulia

Je, mtumaji hujuaje ni seva ipi ya kuigongea? Huuliza katika mfumo wa majina wa intaneti, ulio kama kitabu cha simu cha dunia nzima. Mwaka 1986 uliongezwa humo utaratibu wa kumbukumbu ziitwazo MX, ambazo husema barua za jina fulani zipelekwe kwenye seva zipi, na kwa mpango gani wa kutangulizana. Ofisi yetu ya kubuni inaweza kuandika hivi:

ofisi.example MX 10 mwadui.ofisi.example
ofisi.example MX 20 dar.ofisi.example

Nambari ndogo hutangulia. Kila mtumaji duniani huijaribu kwanza seva ya Mwadui, na isipojibu huigeukia ya Dar es Salaam. Seva ya Dar es Salaam haina masanduku ya wafanyakazi. Huipokea barua, hujibu 250, huiweka katika foleni, na kila baada ya muda huijaribu Mwadui. Siku Mwadui inapoamka, foleni humiminwa yote. Nambari 10 na 20 hazina siri yoyote. Zingeweza kuwa 1 na 2, ila mafundi huacha nafasi katikati ili waweze kuingiza seva nyingine baadaye pasipo kuandika upya.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa mtumaji mwenyewe huingoja seva iliyozimika kwa siku 4 au 5, seva ya pili ina faida gani? Swali ni zuri, na jibu la kweli ni kwamba faida yake ni ndogo kuliko isemwavyo na wauzaji. Kwa kuzimika kwa saa chache foleni za watumaji zinatosha. Faida huonekana katika mambo mawili. Kwanza, si watumaji wote wanaozifuata kanuni kwa uaminifu. Mitambo mingine, hasa ile itoayo hati za malipo na taarifa za kiotomatiki, hujaribu mara chache na kuacha. Pili, foleni ya mtumaji huioni wala huiamrishi, bali ya kwako unaiona. Unaweza kuhesabu barua zilizomo, kuuongeza muda wa kungoja hadi siku 14 kama mvua zimeharibu barabara na fundi hawezi kufika, na kuamuru zimiminwe mara tu umeme ukirudi.

Kuisimamisha seva yenyewe

Kompyuta ya kazi hii haihitaji kuwa kubwa. Programu za kuiendesha hupatikana bila malipo: Exim iliyoanzishwa na Philip Hazel mwaka 1995, na Postfix ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998, zote zinafaa. Tukichukua Postfix, fundi wa Dar es Salaam huandika katika faili la mipangilio, mbele ya neno relay_domains, jina la ofisi ambayo barua zake zitapokelewa kwa niaba. Akisahau kuweka mipaka hapo, na kuiacha seva ipokee barua za kila mtu kwenda kwa kila mtu, itageuzwa kuwa chombo cha wapeleka barua taka, na seva nyingine zitakataa kuzungumza nayo.

Kosa la pili ni la siri zaidi, nalo limeziumbua ofisi nyingi. Seva ya pili isipokuwa na orodha ya wafanyakazi wa Mwadui, itapokea barua ya jina lolote. Baadaye itaipeleka Mwadui, ikataliwe kwa 550 kwa kuwa mtu huyo hayupo. Sasa seva ya Dar es Salaam imekwisha kubeba dhamana, hivyo italazimika kumwandikia mtumaji kwamba imeshindikana. Lakini barua taka huandikwa kwa majina ya kughushi. Anayepelekewa taarifa ile ni mtu asiyehusika, ambaye jina lake limeibwa. Zikiwa barua elfu kumi kwa usiku mmoja, seva yako imekuwa kero kwa watu elfu kumi. Dawa yake ni orodha ya majina halali, iwekwayo mbele ya neno relay_recipient_maps na kusasishwa kila mfanyakazi anapoajiriwa au kuondoka. Wapeleka barua taka hulijua pengo hili, na kwa makusudi huijaribu seva yenye nambari kubwa hata kama ya kwanza iko hai, wakitumaini kwamba mlango wa nyuma hauna mlinzi. Kwa hiyo kila ukaguzi uliopo Mwadui sharti uwepo na Dar es Salaam, kwa ukali ule ule.

Aidha, seva ya Mwadui iambiwe kuwatambua wenzake. Siku hizi mpokeaji huangalia kama kompyuta iletayo barua imeruhusiwa na mwenye jina kupeleka barua zake. Barua ikipitia Dar es Salaam, Mwadui itaona imeletwa na kompyuta isiyo katika orodha ya mtumaji, na huenda ikaitupa. Ukaguzi huo ufanywe Dar es Salaam, pale barua inapoingia mara ya kwanza, na Mwadui iiamini seva ya Dar es Salaam.

Isiwekwe chumba kimoja

Tuchukue hesabu kidogo. Tuseme seva moja huzimika siku 2 katika kila siku 100. Kwa mwaka hizo ni siku 7.3. Tukiwa na seva mbili zenye tabia hiyo, na kuzimika kwa moja kusiwe na uhusiano wowote na kuzimika kwa nyingine, uwezekano wa zote mbili kuzimika kwa pamoja ni 0.02 × 0.02, yaani 0.0004. Kwa mwaka ni siku 0.146, au saa tatu na nusu hivi. Kutoka wiki nzima hadi saa tatu na nusu ni maendeleo makubwa kwa gharama ya kompyuta moja.

Lakini hesabu hii imesimama juu ya maneno “kusiwe na uhusiano wowote”. Seva mbili zilizowekwa chumba kimoja, zinazokula umeme wa jenereta moja na kutumia waya mmoja wa mawasiliano, zina uhusiano wa karibu mno. Radi ikipiga, zote huzimika. Hapo haturuhusiwi kuzidisha 0.02 kwa 0.02, na uwezekano unabaki karibu pale pale, 0.02. Kanda ya Ziwa hupata radi nyingi wakati wa mvua, kwa hiyo jambo hili si la nadharia. Walimu wa hisabati wanaofundisha matukio yasiyotegemeana wanaweza kuutumia mfano huu badala ya ule wa kurusha shilingi, ambao wanafunzi wamekwisha kuuchoka.

Wengine hudhani kwamba kuipeleka seva ya pili Ulaya au Marekani ndiko kuliko salama zaidi, kwa kuwa ni mbali. Umbali peke yake hautoshi. Lazima tuangalie njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana kwa mawasiliano ya nje. Ofisi ya Shinyanga yenye seva zake zote mbili ng'ambo ilikuwa katika hatari ya kushindwa kuiandikia ofisi ya Kahama, ingawa waya wa nchi kavu kati yao ulikuwa mzima. Ndani ya nchi barua zingeweza kupita, kwa sababu Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana mawasiliano baina ya makampuni ya intaneti tangu mwaka 2004, ambako data ya Mtanzania kwenda kwa Mtanzania haihitaji kuvuka bahari. Kwa maoni yetu, ofisi ya Mwadui ifanye vema kuweka seva ya pili Dar es Salaam, na ikiwa na uwezo iweke ya tatu nje ya nchi.

Foleni si jalada

Sasa tufike kwenye kazi ya pili. Meneja aliyeelezwa yote yaliyotangulia huweza kutulia, akisema kwamba barua zake ziko mahali pawili. Haziko mahali pawili. Seva ya foleni ikishaikabidhi barua Mwadui huifuta, kama karani wa posta asivyobaki na nakala ya barua aliyoikabidhi. Siku diski ya Mwadui ikiungua, Dar es Salaam hakuna kitu.

Basi mafundi huongeza utaratibu mwingine, wa kunakili. Masanduku ya wafanyakazi huwekwa katika seva mbili, na kila badiliko la moja huigwa na nyingine baada ya muda mfupi. Huu ni ulinzi mzuri dhidi ya diski kuungua. Hata hivyo tuangalie neno “kila badiliko”. Mfanyakazi akifuta barua kwa makosa, kufuta huko nako huigwa. Mwizi aliyepata nywila akilifuta sanduku zima, seva ya pili hutii kwa uaminifu ule ule. Programu haribifu ikiyafunga mafaili kwa ufunguo wa siri ili mwenyewe adai fedha, nakala zilizofungwa huenda kuzifuta zilizo nzima. Nakala inayoiga kila kitu huiga na maafa. Kadiri inavyoiga kwa haraka, ndivyo inavyokuwa bora dhidi ya kuharibika kwa mtambo na dhaifu dhidi ya makosa ya binadamu.

Jalada lina tabia ya kinyume. Hupokea, halisahau, na halitii amri ya kufuta kutoka kwa mwandishi. Makarani wa zamani walilijua hili. Barua ilipopigwa taipu, nakala ya karatasi kaboni ilikwenda masijala siku ile ile, kabla bosi hajapata nafasi ya kubadili mawazo, na kurasa za jalada zilipewa nambari ili pengo lionekane. Seva ya kuhifadhi inapaswa kuiga masijala ile.

Katika Postfix kazi hiyo huanzishwa kwa neno always_bcc, ambalo huagiza nakala ya kila barua, iingiayo na itokayo, ipelekwe kwenye anwani moja ya hifadhi. Nakala huchukuliwa mlangoni, kabla barua haijafika katika sanduku la mtu, hivyo atakayeifuta dakika moja baadaye atakuwa amechelewa. Agizo hilo liwekwe kwenye seva ya Mwadui tu. Likiwekwa na Dar es Salaam, kila barua iliyopita foleni itahifadhiwa mara mbili. Nakala hizo zipelekwe katika kompyuta nyingine, yenye nywila nyingine, na ikiwezekana inayosimamiwa na mtu mwingine. Fundi yule yule akiwa na funguo zote, yeye ndiye mwenye uwezo wa kulifuta jalada.

Kila barua ihifadhiwe katika faili lake lenyewe. Faili moja kubwa lenye barua za mwaka mzima likiharibika katikati huzivuruga zote. Kisha kila faili likokotolewe alama yake ya utambulisho. Kuna njia ya hesabu iitwayo SHA-256 ambayo huchukua maandishi ya urefu wowote na kutoa tarakimu na herufi 64. Ukibadilisha nukta moja katika barua, alama hubadilika kabisa. Orodha ya alama za siku ikichapwa karatasini na kutiwa sahihi kila jioni, basi miaka kumi baadaye yeyote anaweza kukokotoa upya na kuthibitisha kwamba barua haikuguswa. Ni teknolojia ya kisasa ikisaidiwa na kalamu ya wino, na hatuoni aibu kuipendekeza.

Je, nafasi itatosha? Tuseme ofisi ina watu 60, kila mmoja akipokea na kuandika barua 50 kwa siku, na kila barua kwa wastani ni kilobaiti 100. Hizo ni barua 3,000, yaani megabaiti 300 kwa siku, na gigabaiti 110 hivi kwa mwaka. Miaka saba ni gigabaiti 770. Diski moja ya terabaiti 1 hulibeba jalada lote na nafasi kubaki. Ziwekwe tatu, mahali tofauti, na moja kati ya hizo ichomolewe kabisa na kufungiwa kabatini, maana diski isiyounganishwa na waya wowote haiwezi kufikiwa na mwizi aliye mbali.

Sheria nayo ina neno lake, na kwa pande mbili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokewa mahakamani, na katika kuupima uzito wake mahakama huangalia jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Jalada lenye alama za utambulisho na orodha zilizotiwa sahihi lina cha kusema mbele ya hakimu. Sanduku la barua la mtu binafsi, ambalo mwenyewe alikuwa na uhuru wa kulichambua, lina kidogo. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hutaka taarifa za watu zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Katika barua za mgodi zimo taarifa za afya na za nidhamu. Kwa hiyo wafanyakazi waambiwe kwamba barua zao za kazi huhifadhiwa, muda wa kila aina ya barua uandikwe, na kulifungua jalada kuhitaji watu wawili kwa pamoja.

Jaribio kwa ajili ya darasa

Hifadhi isiyopata kujaribiwa ni dhana tu. Ofisi ichague siku moja kila baada ya miezi mitatu, itaje barua kumi kwa kubahatisha, na kumwambia fundi azitoe hifadhini pasipo kuigusa seva ya kwanza. Siku nyingine izimwe seva ya Mwadui kwa saa moja mchana, watu wakiwa wameambiwa, ili foleni ya Dar es Salaam ionekane ikifanya kazi.

Shule yenye kompyuta tatu za zamani inaweza kulifanya jaribio hili la pili pasipo intaneti yoyote. Ziunganishwe kwa nyaya na swichi moja, na Postfix iwekwe katika zote. Ya kwanza iitwe Mwadui, ya pili Dar, na ya tatu, iitwe Mwanza, iwe mtumaji na pia mtunza kitabu cha majina chenye zile mistari miwili za MX. Wanafunzi waandike barua moja kutoka Mwanza na kuiona ikifika Mwadui moja kwa moja. Kisha mmoja achomoe waya wa Mwadui, na wengine waandike barua tano. Amri ya mailq katika kompyuta ya Dar itaonyesha barua hizo tano zikingoja, kila moja na saa yake ya kufika na sababu ya kukwama. Waya urudishwe, na darasa lipime kwa saa ni muda gani unapita kabla ya kila barua kuondoka. Kwa mipangilio ya kawaida ya Postfix jaribio la kwanza la kurudia hutokea baada ya dakika 5 hivi, na nafasi kati ya majaribio huongezeka hadi kufikia sekunde 4,000. Kwa hiyo darasa lililoacha waya nje kwa muda wa kipindi kizima litangoja zaidi kuliko lililouacha kwa dakika mbili, mpaka mwalimu atakapotoa amri ya postqueue -f na foleni kumiminwa yote mara moja.